Benchi la miguu sebuleni Tabata: miezi saba ya kulitumia baada ya nyama za paja kuchanika

Nyama za paja la kulia zilinikamata dakika ya 20 ya mechi ya maveterani. Nilikuwa nakimbilia pasi ndefu, nikasikia kama mtu amenipiga jiwe nyuma ya paja, nikageuka kumtazama ni nani. Hakukuwa na mtu. Nilitoka uwanjani nimeshikiliwa mabega huku na huku.

Dada aliyenisimamia mazoezi ya viungo aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: msuli uliochanika ukiuacha upone wenyewe bila kuuimarisha, ujue utachanika tena. Akanipa zoezi la kukunja miguu na lile la Nordic, la kupiga magoti na kushusha mwili mbele taratibu, akasema niyafanye kila wiki bila kuruka. Jimu ninayoijua ipo, lakini nikitoka kazini Posta, katikati ya Dar, na kukutana na foleni ya barabara ya Mandela, nafika Tabata saa mbili usiku. Nikaamua kununua benchi la miguu la nyumbani. Nimelitumia kwa miezi saba sasa, na naandika haya kwa sababu wakati natafuta, kila niliyemuuliza alinipa habari za benchi la kifua. Miguu haina wa kuisemea.

Nafasi niliyonayo ni ile iliyo kati ya kochi na dirisha, mita mbili kwa moja na ushee. Benchi nililochukua Kariakoo lina urefu wa sentimita 115 na upana wa 58, na kwenye mizani ya duka la jirani lilisoma kilo 31. Bei ilikuwa 520,000, bajaji mpaka nyumbani 12,000. Kwenye boksi limechorwa linafanya kazi sita: kukunja miguu, kunyoosha miguu, kunyanyua nyonga, kuinua mgongo, Nordic na tumbo.

Kulifunga kulinichukua saa moja na nusu. Nati mbili na washa moja hazikuwemo, nikanunua kwa fundi pikipiki. Hilo dogo. Kubwa lilikuwa kile chuma cha kupachikia uzito. Muuzaji alinihakikishia kwamba vyuma vya uzito vya aina yoyote vinaingia. Ni kweli vinaingia, ila chuma kile kina unene wa milimita 25 na vyuma vyangu vina tundu la 50. Kila nikiinua mguu vinacheza na kugonga, na mtoto wa jirani wa chini analala saa mbili. Niliporudi dukani nikaambiwa mzigo ukishatoka haurudi. Iliniuma, kwa sababu niliuliza kabla ya kulipa, tena nilikuwa nimekwenda na kipimo mkononi.

Nililipakia benchi zima kwenye bajaji mpaka Gerezani, kwa mzee mmoja anayekereza vyuma. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakushughulika kwanza na lile nililomletea. Aliushika mkono wa benchi, ule unaozunguka, akautikisa kushoto na kulia, ukacheza karibu nusu sentimita.

"Kijana wangu, hapa hawajaweka bushi. Bolti inasaga skwea paipu yenyewe. Mwaka hauishi, tundu hili litakuwa yai."

Alifungua bolti akanionyesha: ukingo wa tundu ulishaanza kung'aa upande mmoja, rangi imeliwa, na vumbi la chuma limechanganyika na grisi kama masizi. Hapo lilikuwa na miezi miwili tu. Alinikerezea bushi mbili za shaba, yaani vibomba vya kukaa kati ya bolti na tundu, na bomba la kuongeza unene pale pa uzito, vyote kwa 50,000. Tangu siku hiyo mkono unapanda na kushuka kimya, na vyuma vimetulia.

Sasa mazoezi yenyewe. Kukunja miguu ukiwa umelala kifudifudi ndiko kunakofanyika vizuri zaidi, mradi uelewe uzito unavyokuja. Hapa hakuna kebo wala puli kama kwenye mashine ya jimu. Vyuma vinakaa kwenye mkono unaozunguka, basi mkono ukiwa usawa wa sakafu unabeba kilo zote, na ukisimama wima uzito unapotea. Kwa kukunja, sehemu nzito ni mwanzo, miguu ikiwa imenyooka, na juu kabisa uzito hausikiki. Kwa mtu aliyeumia nyama za paja hilo linafaa, maana ni pale msuli ukiwa mrefu ndipo unapohitaji nguvu. Nilianza na kilo 5 mguu mmoja mmoja. Leo paja la kulia linakunja kilo 15 mara 10, sawa na la kushoto.

Kunyoosha miguu ni kinyume chake: chini kwepesi, juu kuzito. Hapo sijaridhika. Goti lako linatakiwa likae sawasawa na bolti ya mkono, la sivyo sponji inakukwangua ugoko kila unapoinua. Mimi nina sentimita 178, nikikaa goti linaangukia mahali pake. Mke wangu ana 160, goti lake linabaki nyuma ya bolti na kiti hakisogei. Tumemwekea mto mgumu mgongoni, anasogea mbele, inasaidia kidogo. Wanawake wengi na vijana watakutana na tatizo hili, na mtengenezaji angelitatua kwa tundu tatu tu za ziada chini ya kiti.

Nordic ndiyo sababu ya mimi kununua. Unapiga magoti, visigino vinabanwa na sponji, unashusha mwili mbele taratibu ukiwa umenyooka kuanzia gotini mpaka kichwani, msuli wa nyuma ya paja ukifanya kazi ya breki. Tafiti kwa wachezaji wa mpira zimeonyesha kuwa timu zinazofanya zoezi hili hupunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu, na kwangu hilo lilitosha. Lakini tahadhari: ukishuka chini, nguvu inayovuta visigino juu inaweza kuzidi uzito wako wote. Benchi hili ni fupi na jepesi. Mara ya kwanza nilipofika katikati, miguu ya nyuma iliinuka sakafuni, nikajitupa kwa mikono. Sasa nimelaza kiroba cha mchanga wa kilo 25 kwenye paipu ya nyuma na halisogei tena. Bila kiroba, zoezi hilo usilijaribu kwenye benchi hili.

Na usianze kwa pupa. Nilifunga tyubu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha nyuma yangu, nikaipitisha kifuani, inanivuta kidogo ninaposhuka. Wiki ya kwanza raundi tatu za mara tatu, na bado kesho yake kukaa chooni kulikuwa kazi. Baada ya wiki kumi niliivua tyubu.

Kunyanyua nyonga kunafanyika vizuri, mgongo ukiegemea ukingo wa kiti, mke wangu analipenda kuliko yote. Kuinua mgongo sawa. Tumbo silitumii.

Kuhusu hali ya hewa yetu: masika ilipopita, kila penye tundu la pini rangi ilibanduka na kutu ikaanza, ingawa lipo ndani. Dar chuma hakina simile. Kila Jumapili nafuta jasho kwa kitambaa kikavu na kupaka grisi kwenye pini. Ngozi bandia ya kiti imechanika kwenye mshono wa katikati mwezi wa sita, nitalipeleka Keko kwa fundi makochi.

Nikijumlisha na fundi, limenigharimu karibu 600,000. Kwa aliyeumia miguu, anayecheza bonanza au anayeishi nyumba ya vyumba viwili, ningesema lichukue, lakini dukani uombe lifunguliwe kwenye boksi. Tikisa mkono kabla ya kulipa, nenda na chuma chako kimoja ukipachike palepale, na mwenye mwili mfupi akae kitini aone goti lake linapoangukia. Muuzaji akikataa kulifungua, Kariakoo ina maduka mengi.

Jumamosi iliyopita nilicheza dakika 60. Paja la kulia halikusema kitu, hata nilipokimbilia pasi ndefu upande uleule.