Simulesheni kwenye benki ya damu, uzoefu wangu hapa Tanga

Niseme mapema, hii programu ya simulesheni (inaigiza kazi za benki ya damu kwenye kompyuta) haikuletei damu hata tone, ila ndo kitu cha kwanza kilichonionesha damu yetu inapotelea wapi.

Ya kwetu ameiandika kijana wa IT kwa Python, lugha ya kuandikia programu, akatumia SimPy, kifurushi chake cha kutengenezea simulesheni, cha bure. Unaingiza wachangiaji wanavyokuja, oda za wodini, muda wa kupima ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, afu umri wa kila zao la damu: seli nyekundu siku 35 kwenye mfuko wenye CPDA-1 (dawa ya kuzuia damu isigande), plateleti (chembe za kugandisha damu) siku 5 tu tena kwenye mashine ya kutikisa, joto nyuzi 20 hadi 24, plasma (majimaji ya damu) ikigandishwa inafika mwaka. Unabonyeza, inachezesha mwaka mzima fasta, unarudia weee kila mara na bahati yake.

Sisi kilio chetu kilikuwa wachangiaji wachache, kumbe tatizo wanakuja kwa mkupuo! Kampeni moja kubwa sekondari, friji zinajaa, mwezi unaofuata A na B zinaekspaya pamoja huku O tunaazima. Shule zikifunga Juni na Desemba kimya, Ramadhani mchana watu wamefunga, na wodi ya wazazi haijui likizo. Kwenye kompyuta tukaigawa kampeni ile ile iwe midogo midogo, ya Ramadhani tukaisogeza baada ya futari, za kutupwa zikashuka bila kuongeza mchangiaji. Plateleti nazo, damu ya Lushoto mpaka iteremke milima ifike mjini masaa yameenda, na yale masaa 6 hadi 8 ya kuiwahisha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu itengane) yakipita basi tena, so plateleti tunatengeneza kwa damu ya mjini tu.

Sasa ubaya wake, data. Rejista inaandika kilichotolewa, sio kilichoombwa, daktari akiomba mifuko mitatu akapewa mmoja basi programu inajua alitaka mmoja, na wengine wakishajua hilo wanaomba mara mbili makusudi (siwalaumu), halafu damu iliyokrosimachiwa (iliyopimwa kama inaendana na mgonjwa) ikawekwa pembeni kwa ajili ya opereshini iliyoahirishwa inazeekea hapo hapo. Tulianza kuandika maombi kwanza kwenye eksel, ndo majibu yakaanza kueleweka.

Nyota 4. Laptopu ya kawaida inatosha, ila huyo wa IT muwe naye jirani maana kila mkibadilisha kitu lazima aguse kodi (maandishi ya programu).