Miezi mitano na mawakili wa kimataifa Kampala: uzoefu wangu

Mwaka jana tuliuza asilimia 40 ya hisa za kampuni yetu ya malori. Mzee wetu aliianza na Fuso moja pale Malaba, na leo tuna malori 14 yanayobeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala, mengine yanafika Juba. Mnunuzi ni wa Ulaya na mawakili wake wako London. Rasimu ya mkataba ilipofika ilikuwa na kurasa 94. Wakili wetu wa Tororo, aliyetusimamia mambo ya viwanja na kesi za ajali tangu niko shule, aliisoma siku mbili kisha akaniita. "Mwanangu," akasema, "hii itafutie watu wanaoifanya kila siku."

Ndivyo nilivyofika Nakasero, kwenye ofisi ya kampuni ya mawakili yenye jina la kimataifa. Sitaitaja, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Nilidhani ni kampuni moja yenye matawi, kama benki. Sivyo. Nyingi ya kampuni hizi ni muungano wa kampuni za nchi mbalimbali zinazotumia jina moja. Baker McKenzie, iliyoanzia Chicago mwaka 1949, imejengwa hivyo. Hata yule niliyempa kazi ni wakili wa Uganda mwenye cheti cha Uganda. Mwenzake wa London anaitwa pale sheria ya Uingereza inapoguswa, na akiitwa, analipwa.

Kabla ya kunisikiliza walitaka majina ya wote wanaohusika, wakahakikisha kwamba hakuna ofisi yao popote inayomtetea mnunuzi. Ilichukua siku tatu. Kisha wakaomba vitambulisho, orodha ya wenye hisa na maelezo ya fedha zetu. Kaka yangu alikasirika, akaona tunahojiwa kama wezi. Lakini sheria ya 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawabana mawakili pia, na walitueleza hilo kwa upole.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Katika ule mkataba kulikuwa na ukurasa ambao mimi nilikuwa nimeupita bila kushtuka: sisi wauzaji tunaahidi kwamba kila kitu katika kampuni kiko sawa, kodi, leseni, kesi, kadi za magari, na kikikutwa kibaya tunafidia kutoka mifukoni mwetu. Hapakuwa na kikomo cha kiasi wala cha muda. Maana yake, miaka kumi baadaye mtu angeweza kuja kudai nyumba ya mzee. Wakapambana hadi fidia ikawekewa kikomo cha sehemu ya bei tuliyouza, na madai yakapewa miezi 18. Mashauri ya usuluhishi, yaani ugomvi kuamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama, yakahamishwa kutoka London hadi Nairobi. Uamuzi wa huko unaweza kutekelezwa Uganda kupitia Mkataba wa New York wa 1958, unaofanya maamuzi ya wasuluhishi wa nchi nyingine yatambuliwe, ambao nchi yetu ilijiunga nao 1992, nasi tunafika Nairobi kwa basi.

Bili ndiyo iliyoniumiza. Wanahesabu muda kwa vipande vya dakika 6. Simu moja na London ilikuwa na mawakili wanne, na kila mmoja aliandikiwa muda wake. Makadirio yalikuwa dola 18,000. Ikaja 27,400, na juu yake VAT ya asilimia 18. Kazi iliongezeka kweli, sikatai, lakini mteja aambiwe makadirio yanapovukwa, si baada ya kumaliza. Nililalamika kwa barua wakapunguza 3,000. Ukienda, dai kikomo cha bili kiandikwe katika barua ya makubaliano kabla hujasaini, na uulize nani hasa atakayeshika faili lako.

Letu lilishikwa na wakili kijana, binti wa Busia, na kwake sina neno baya. Mzee hasomi Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, na biashara ya malori yote kuanzia bandarini inaendeshwa kwa Kiswahili, lakini karatasi zote za ofisi ile ni Kiingereza. Binti yule alipanda gari hadi Tororo, akakaa na mzee saa tatu, akimpitisha ahadi moja baada ya nyingine. "Mzee, hapa unasema malori yote ni ya kampuni. Ni kweli?"

Mzee akanyamaza. Kisha akasema mawili bado yameandikwa jina la baba mdogo, aliyefariki 2016. Hata mimi nilikuwa sijui, na kama tungesaini hivyo tungekuwa tumevunja ahadi siku ile ile. Yakaandikwa katika barua ya kumweleza mnunuzi kasoro zote mapema, naye akakubali kungoja. Kesi ya mirathi tukampa wakili wetu wa Tororo. Barua za usimamizi zilitoka mahakamani wiki sita baadaye, na sasa kadi zote 14 zina jina la kampuni.