Tathmini ya e3value: mchoro unaouliza nani anapata nini

Kwa anayesanifu huduma ya mtandaoni inayoshirikisha kampuni kadhaa, e3value ni nyenzo inayostahili kutumiwa kabla programu haijaanza kuandikwa. Mbinu hii, iliyoasisiwa na Jaap Gordijn na Hans Akkermans wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, huchora wahusika, makundi ya wateja na vitu vyenye thamani wanavyobadilishana, nayo ina sharti moja lisilolegezwa: anayetoa hana budi kupokea.

Sharti hilo ndilo linaloipa uzito. Tuchukue tovuti ya habari isiyotoza wasomaji wake. Mstari unaopeleka makala kwa msomaji hauruhusiwi kubaki peke yake, hivyo mchoraji hulazimika kutaja kinachorudi, na hapo hudhihirika kwamba msomaji hulipa kwa kutazama matangazo, nayo tovuti humuuzia mtangazaji utazamaji huohuo. Yakishaingizwa makadirio ya idadi ya wasomaji na bei ya tangazo, hupatikana jedwali linaloonyesha kila mhusika anabakiwa na kiasi gani, kiasi kwamba mshirika anayeambulia patupu huonekana mapema, kabla hajajitoa. Bila shaka jedwali haliwezi kuwa sahihi kuliko makadirio yenyewe; faida yake ni kubadilisha tarakimu moja moja na kuona ipi inaupindua mpango mzima.

Kasoro zipo. Mchoro hauonyeshi lipi hutangulia na lipi hufuata, na anayeusoma kama mtiririko wa kazi (wakuu wa idara hawakosi kufanya hivyo) atapotea. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hauelezi sababu. Kampuni yaweza kukubali hasara katika huduma moja ili kulinda jina lake au kumzuia mshindani, lakini nia hiyo haina mahali pa kuandikwa. Pengo hili huzibwa na i*, mbinu ya Eric Yu wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambayo huanzia kwenye malengo, yakiwemo yasiyopimika kwa urahisi kama kuaminika, na kuonyesha nani anamtegemea nani. Hata hivyo, michoro ya i* husongamana upesi, wala haipigi hesabu ya fedha. Ningeshauri kuichora kwa ufupi kwanza, kisha kupima kila lengo kwa e3value na kurudi kurekebisha.

Kwa duka la mtandaoni lenye muuzaji mmoja na wateja wake tu, jedwali la kawaida la mapato na gharama linatosha.