Bunduki za upepo za bei nafuu kwa windo dogo: kwa nini Diana 34 inatangulia

Kinachouza bunduki nyingi za upepo ni namba kubwa ya kasi iliyochapwa kwenye boksi, na namba hiyohiyo ndiyo inayowapoteza wanunuzi. Kasi ya mita 360 kwa sekunde hupatikana kwa vijirisasi vyepesi vya aloi ambavyo mwindaji hana haja navyo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kirisasi kikiivuka kasi hiyo kisha kikashuka chini yake njiani, huyumba, na mlio wake hupasua hewa na kumshtua kila mnyama aliye karibu. Kinachofaa ni bunduki inayorusha kirisasi cha kawaida cha madini ya risasi kwa mita 180 hadi 270 kwa sekunde, na inayorudia tundu lilelile.

Kwa sungura, njiwa na panya wakubwa, nguvu ya takriban jouli 16 kwenye mdomo wa mtutu inatosha hadi mita 35, mradi kirisasi kiingie kichwani, kati ya jicho na sikio. Nguvu hiyo hupatikana kwa njia mbili: kirisasi cha milimita 4.5 chenye gramu 0.55 kinachokwenda mita 240 kwa sekunde, au cha milimita 5.5 chenye gramu 0.93 kinachokwenda mita 185. Tofauti yao huonekana kwenye umbali. Ukirekebisha bunduki ipige palepale unapolenga kwa mita 30 halafu ukapiga kwa mita 40, kile kidogo hushuka kama sentimita 3 na kile kikubwa kama sentimita 6. Anayekosea kukadiria umbali atakosa zaidi akiwa na 5.5. Hata hivyo, kwa windo 5.5 ndiyo bora: jeraha lake ni pana zaidi, na mnyama hufa upesi. Kukadiria umbali ni jambo la kujifunza kwa kuhesabu hatua.

Diana 34 ni ya Kijerumani, ya springi (springi husukuma pistoni inayobana hewa), ya kuvunja mtutu, yaani mtutu hukunjwa chini ili kuikoki, na imetengenezwa tangu miaka ya 1980. Uzuri wake ni wa vitu visivyotangazwa sana. Triga yake ya T06 ni ya chuma na ina hatua mbili: unavuta hadi ugumu wa kwanza, unasimama, unatulia, kisha unaachia. Katika bunduki nyingi za bei ya chini triga huburuzika tu, hujui itafyatua lini, na hapo ndipo shabaha inapoharibika. Springi na sili zake (vizuizi vya hewa kuvuja) hupatikana kwa urahisi, na fundi mwenye kifaa cha kuibana springi anaweza kuzibadilisha bila kutuma bunduki kiwandani. Ina uzito wa takriban kilo 3.5. Kasoro yake kubwa ni kwamba inachagua mshiko, na tutaliona hilo hapa chini.

Kabla hujalipa, tazama alama zilizochorwa kwenye chuma. Herufi F ndani ya pembetano maana yake bunduki imepunguzwa nguvu hadi jouli 7.5 kwa ajili ya soko la Ujerumani. Kwa kulenga makopo ni nzuri, kwa sungura haifai. Zile za soko la Uingereza huwekwa chini ya jouli 16 kidogo, na hizo zinatosha. Jina la modeli linaweza kuwa lilelile na nguvu ikawa tofauti kabisa, kwa hiyo uliza nguvu kwa jouli. Uliza pia sheria ya mahali unapokusudia kuwinda, kwa sababu kuna nchi zinazotaka leseni hata kwa bunduki ya upepo.

Hatsan 95 ya Uturuki ndiyo mpinzani wa karibu zaidi. Kitako chake ni cha mti wa jozi, triga ya Quattro hurekebishika vizuri, na nguvu ni nyingi. Lakini kuikoki kunataka mkono wenye nguvu, na teke lake ni kali. Anayepiga vijirisasi 50 mfululizo kwa mazoezi atachoka, na akichoka atapiga ovyo. Kuna toleo la pistoni ya gesi badala ya springi. Hilo halitikisiki sana, na likikaa limekokiwa kwa saa moja halilegei kama springi. Ila gesi ikivuja kwa kawaida hubidi ununue pistoni nzima.

Asiyependa teke kabisa na aliye tayari kusubiri aitazame Benjamin 392, ya kupampu mara 3 hadi 8 kwa kila kirisasi. Ni fupi, nyepesi, na humvumilia hata mpigaji mgeni. Tatizo lake ni kwamba ukikosa, sungura hakusubiri upampu tena mara nane. Ukiihifadhi iachie pampu moja ya hewa ndani, bila kirisasi, ili vali ibaki imefungwa na vumbi lisiingie.

Bunduki za mitungi ya CO2 ya gramu 12 hatuzipendekezi kwa windo. Nyingi hazina nguvu ya kutosha, na kukiwa na baridi mgandamizo hushuka na shabaha hushuka nayo.

Diana Stormrider ni ya hewa iliyojazwa tayari hadi bari 200. Haina teke, hulenga vizuri, na yenyewe si ghali kwa aina yake. Gharama imejificha kwenye pampu. Pampu ya mkono ya hatua tatu hupata moto, na unyevu huingia pamoja na hewa. Pampu dakika chache, pumzika hadi ipoe, toa maji kwenye vali ya chini, kisha endelea. Usijaze oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta hulipuka. Kama bajeti yako inatosha bunduki peke yake, acha Stormrider na rudi kwenye springi.

Darubini ndiyo inayoharibu hesabu za wengi. Bunduki ya springi hupiga teke nyuma, halafu pistoni ikigonga mwisho inaruka mbele, na mshtuko huo wa mbele huvunja darubini za bunduki za baruti. Nunua iliyotengenezwa kwa bunduki ya springi, inayoweza kurekebishwa kuona sawasawa kuanzia mita 10, na kishikizo cha kipande kimoja chenye pini ya kuzuia kuteleza. Nyingi za zile zinazokuja bure ndani ya boksi hazidumu. Afadhali ulenge kwa vyuma vya kulengea vilivyo kwenye mtutu miezi ya kwanza.

Mshiko sasa. Weka kiganja cha mbele kikiwa wazi, karibu na kinga ya triga, bunduki ilale juu yake bila kubanwa. Usiilaze juu ya jiwe au ubao mgumu, maana itaruka juu na kirisasi kitafuata. Wanaosema Diana haina shabaha mara nyingi wanaibana kama jembe.

Nunua aina tatu au nne za vijirisasi vya kichwa cha mviringo, piga vitano vya kila aina kwa mita 25, na chukua ile inayoingia ndani ya duara la milimita 25. Vyenye ncha kali vinavutia macho lakini mara nyingi hutawanyika. Bunduki mpya hutoa moshi na harufu ya mafuta kwa vijirisasi kadhaa vya mwanzo; ni grisi ya kiwandani inayoungua. Usiongeze mafuta ya mashine kwenye chemba, kwa sababu yatalipuka ndani na kukata sili. Usifyatue bila kirisasi: pistoni hugonga chuma bila mto wa hewa. Na unapotia kirisasi, mkono mmoja usiachie mtutu. Triga ikiguswa wakati huo mtutu hufunga kwa nguvu, hukata vidole, na wenyewe hupinda kuelekea juu.

Shabaha ikitawanyika ghafla, anza na skrubu za kitako, kisha boliti ya kiungo cha mtutu, kabla ya kulaumu darubini. Kasi ikishuka, weka kipande cha tishu juu ya kiungo cha mtutu, pima kwa kirisasi kimoja: tishu ikiruka, oringi (pete ya kuzuia hewa) ya nyuma ya mtutu, hapo kwenye kiungo, imechoka, na kuibadilisha ni kazi ya dakika tano.

Kwa iliyotumika, tikisa mtutu kushoto na kulia ukiwa umefunguliwa; mtutu haupaswi kucheza. Uikoki taratibu na usikilize: mkwaruzo wa chuma mara nyingi ni springi iliyovunjika, na hapo punguza bei kwa thamani ya springi na sili mpya.