TAHADHARI: Anayeuza springi "mpya" za Land Cruiser hapa Nakuru anauza vyuma vya kuchomwa

Ndugu zangu, kama umeelekezwa kwa yule jamaa wa springi kule Industrial Area, yule mwenye mdomo mtamu anayejiita mtaalamu wa magari ya porini, usimtumie hata shilingi moja. Amekula 58,000 zangu na nusura aniulie mama.

Gari langu ni Land Cruiser. Tangu tuanze kubeba maziwa, springi za nyuma zililala kabisa. Ukiingia shimo, ekseli inagonga chasisi mpaka meno yanauma. Sikutaka makubwa. Gari liinuke inchi 2 tu, tangi na ngazi ziache kukwaruza matuta ya njia ya Olenguruone. Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haiinuki kwa springi, hiyo inataka magurudumu makubwa, na mimi sikuwa na shida na difu.

Na msije mkaniambia nilikimbilia rahisi. Bei yake ilikaribia ya dukani. Isitoshe, huyu mtu kazi anaijua, na hapo ndipo hasira yangu inapochemkia. Nilimuuliza kama tunaweza kurefusha tu vile vyuma vinavyoshikilia springi kwa nyuma. Akanijibu kwamba ukivirefusha kwa inchi 2, gari linapanda inchi 1 peke yake, halafu pua ya difu inageuka na propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, inaanza kutetemeka. Ni kweli. Nikamuuliza kuhusu inchi 4, akakataa katakata: mpira wa breki utakuwa mfupi, siku gurudumu likining'inia utakatika. Hiyo nayo ni kweli. Mtu anayekataa pesa zako kwa ajili ya usalama wako utamshuku vipi? Hata wewe unayesoma ungemwamini.

Springi zenyewe alizitoa ndani zimefungwa kwa karatasi ya kahawia, rangi nyeusi inang'aa, na kibandiko kinachosema zimetoka Australia.

Sasa sikieni alivyonifanya. Nilikuwa nimetoka kununua chakula cha ng'ombe, magunia yako nyuma. Kabla ya kufungua nati yoyote akatoa tepu, akapima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, akaandika kwa chaki kwenye tairi: 47. Vijana wake wakateremsha magunia, eti jeki isielemewe. Wakafunga springi, wakakaza yubolti zinazobana springi kwenye ekseli, wakashusha jeki polepole. Gurudumu halijazunguka hata nusu, tepu imerudi pale pale: 53. Akanipa mwisho wa tepu niushike mwenyewe. "Soma, bosi." Nikasoma. Sentimita 6, zaidi hata ya inchi 2 nilizoomba! Nikatoa simu na kumtumia pesa nikiwa bado nimechuchumaa kando ya lile tairi.

Mmeona ujanja? Kipimo cha kwanza gari lilikuwa na mzigo, cha pili liko tupu. Tena gari likitoka kwenye jeki huwa limesimama juu. Mpaka uliendeshe mbele na nyuma kidogo ndipo springi zikae mahali pake na lishuke. Yeye anajua vizuri sana. Ndiyo sababu ya ile haraka ya tepu.

Wiki haikuisha gari likaanza kuinama upande wa kushoto. Nikampigia, akasema springi mpya lazima zijizoeze. Halafu siku ile ya mvua, tukitoka Keringet na mama ameketi kando yangu, tukiwa kwenye mteremko, nikasikia mlio kama wa bunduki. Pleti ya kwanza, lile bamba refu la springi, ilikuwa imekatika karibu na jicho lake, ile pete ya mwishoni. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, tairi ikaanza kula madigadi, gari likavuta kuelekea mtaroni. Mungu ndiye aliyetushika. Mama mpaka leo hataki kupanda hilo gari, na mzee akiniangalia nashindwa kuinua macho.

Fundi wa Molo alifungua springi mbele yangu. Chini ya rangi, kati ya pleti na pleti, kutu ya miaka. Alama za nyundo kila mahali. Pleti moja haikuwa hata ya gari hili. Akanieleza kwamba ni springi kuukuu zilizochomwa kwa makaa na kukunjwa upya ili zionekane zimepinda. Chuma cha springi kikichomwa hivyo na kuachwa kipoe chenyewe, kinapoteza ugumu wake, kitalala tu. Kikitumbukizwa kwenye maji kingali chekundu, kinakuwa kikavu kama kigae na kinakatika. Yangu yalinipata yote mawili, upande mmoja ulilala na mwingine ukavunjika.

Nilipompigia tena, akasema nilibeba kupita kiasi. Kisha akanizima kwenye simu. Nimeenda pale, geti limefungwa, na majirani zake wanasema hawamjui. Hawamjui mtu waliyekunywa naye chai mbele yangu!

Huyu mtu afungwe. Kudanganya ili upate pesa ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha miaka 3, na kwangu miaka 3 ni michache kwa mtu anayeuzia watu ajali. Vifaa vyake vichukuliwe. Na wale vijana wa jeki nao wahojiwe, kwa sababu walijua kwa nini wanateremsha magunia.

Mkienda kwa wengine, ingizeni kisu kati ya pleti muone kama kuna kutu. Jina la M-Pesa lilikuwa la mwanamke, si la gereji. Risiti aliahidi "kesho". Na rangi ilikuwa mpaka kwenye bushi za ndani ya jicho la springi, kitu cha dukani hakipakwi hivyo. Pimeni gari likiwa na mzigo ule ule, baada ya kuliendesha, tena kwa tepu yenu.

Nimeandikisha OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi na springi iliyokatika ninayo. Afisa ameniambia mlalamishi mmoja kesi inalegea. Nimeshasikia kuna wawili wa Njoro na mmoja wa Subukia waliolizwa na huyu huyu na wamenyamaza kwa aibu. Tafadhali jitokezeni, njooni na ujumbe wa M-Pesa na picha za springi, tuandikishe pamoja kabla hajahamia Eldoret au Kisumu.