Lodge at the Presidio, San Francisco: bweni la askari lililogeuzwa hoteli

Ni bweni la matofali mekundu la miaka ya 1890, linaloutazama uwanja wa gwaride. Presidio ilikuwa kambi ya kijeshi; Jeshi la Marekani liliiacha mwaka 1994. Hoteli ikafunguliwa 2018, vyumba 42.

Wamepatia pale wengi wanapoharibu: sura ya nje. Baraza la mbele limebaki, na ndipo pa kukaa jioni ukungu ukiingia kutoka baharini (beba sweta hata Julai). Ukitaka kuliona daraja la Golden Gate, omba chumba cha upande huo unapoweka nafasi. Si vyote vinavyoliona. Kifungua kinywa kimo kwenye bei, ila bei yenyewe si ya kambini.

Kwa anayefikiria kuiga kazi ya namna hii, hesabu ianzie kwenye kuta. Ukuta wa matofali usio na nondo, tetemeko likipita, hujitenga na sakafu na kuangukia nje; hivyo hufungwa kwa vyuma kwenye sakafu na paa kabla ya mtu kufikiria mapazia. Viungio vilivyomomonyoka hujazwa chokaa, si saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale, unyevu hukwama ndani, na uso wa tofali humenyeka vipande vipande. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wanaujua ugonjwa huo vizuri. Rangi ya zamani nayo mara nyingi ina madini ya risasi: usiipige msasa mkavu.

Jengo la jirani, makumbusho ya familia ya Walt Disney, nalo lilikuwa bweni.