Mbaazi, mahamri na siasa za bandarini: kibanda cha Shimanzi

Watu wengi waulizana wapi pa kula asubuhi ukiwa upande wa Shimanzi hapa Mombasa, sasa wacha niwaambie kuhusu hiki kibanda ambacho hata jina hakina, kiko barabara ya malori ukielekea bandarini, mabati ya buluu, mabenchi marefu na jiko la makaa, utakijua kwa vile mahamali, madereva wa tuktuk na makarani wa klearing (wa kutoa mizigo bandarini) wote wamebanana hapo. Chakula natoa nyota nne, huduma tano.

Mbaazi zake ni za nazi ya kukuna si ya paketi, tui zito halijakatika, na mahamri yatoka karaini yamefura, iliki waisikia kabla hujaketi. Sahani ya mbaazi 50, hamri moja 10. Mchana kuna wali wa nazi na maharagwe, samaki naye huisha mapema, na maji ya kunawa ni dumu moja tu, likiisha wangoja kijana aende akateke. Hiyo ndiyo nyota iliyopungua.

Sasa huduma. Hamali wa kibarua meli isipokuwepo hana kazi, kwa hivyo wengi hapa hula kwa deni. Kuna vibanda vingine deni lako unalisikia likitangazwa mbele za watu, "na ile ya Jumanne je?", mtu mzima na mvi zake abaki kuangalia chini. Mama huyu hafanyi hivyo. Akileta sahani ainama kidogo, auliza kwa sauti ya chini, "Baba, niandike?" basi, daftari lafungwa larudi chini ya beseni la mahamri, na yule mtu aendelea kubishana siasa kifua mbele sawa na aliyelipa taslimu.

Na siasa za hapa ndizo zilizonifanya niandike haya yote. Kwenye TV twaambiwa maskini hupiga kura kwa tumbo ama kwa kabila, mimi naona hao hawajakaa benchi hili. Mwaka wa 2017 ile D- ya mtihani wa sekondari ya Hassan Joho, gavana wa Mombasa wakati huo, ilipoanikwa nchi nzima mwenyewe akakubali kwamba ndio niliipata, na Agosti hiyo akashinda ugavana tena. Hapa bado yazungumzwa, kwa sababu mtu aliyeacha skuli njiani kwa kukosa karo alihisi ni yeye anayechekwa, na ukimcheka mtu kwa umaskini wake usitarajie kura yake hata ukimjengea barabara.

Kwa wazee jambo ni bandari. Treni ya mizigo ya SGR, hii reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, ilianza Januari 2018, halafu 2019 ikatoka amri mizigo ya bara ipande treni, watu wakaandamana mjini, malori yakapungua. Wakisimulia hawaanzi na pesa. Waanza na ile hali ya mwanamume aliyezoea kutoka nyumbani alfajiri sasa ashinda barazani mchana kutwa majirani wamwona, na juu yake asikia redioni ati watu wa Pwani ni wavivu. Ndio maana Ruto alipoapishwa kuwa rais 13 Septemba 2022 akatangaza siku hiyo hiyo kwamba shughuli za kutoa mizigo zarudi Mombasa, kuna waliomkubali kwa hilo japo kura walimpa mpinzani wake Raila, ambaye alishinda Mombasa 2013, 2017 na 2022. Wasema angalau kuna mtu ametamka hadharani kwamba tulinyang'anywa kitu.

Kijana mmoja wa tuktuk aipenda sana habari ya wilbaro na hasla, ile kampeni ya Ruto ya mtu wa chini anayejitafutia, asema ni mara ya kwanza mkubwa kumtaja yeye bila kumuonea huruma. Mzee mmoja mstaafu wa bandari akamjibu, mwanangu, mimi si hasla, mimi ni mfanyakazi, na babangu alikuwa kwenye mgomo wa Januari 1947 walipotoka watu kama 15,000 mji huu ukasimama. Hakuna aliyeshinda ubishi huo. Mimi niko na mzee, lakini yule kijana pia namwelewa, hajawahi kuwa na kazi ya kudumu wala chama cha wafanyakazi cha kumtetea, jina lenyewe ndilo alilopewa.

Ila fahari hii pia humfunga mtu. Ukishamsifu kiongozi wako kila asubuhi mbele ya wenzako, kugeuka ni fedheha. Agosti 2024 Joho, aliyekuwa upande wa Raila, alipoingia serikali ya Ruto kama waziri wa madini, waliokuwa wakimtukana Ruto hapa walinyamaza kwanza, halafu wakarudi na neno jipya, kwamba ni heshima kwa Pwani. Kunyamaza kule kwaniuma, maana walikuwa na haki ya kuuliza maswali.

Wakati wa kampeni alikuja mtu na kamera, ataka wateja wapange laini wapokee unga apige picha. Mama akamwambia, "Mwanangu, hapa watu hula wakiwa wameketi." Unga ulishushwa nje, watu wakauchukua, watoto lazima wale, lakini mpaka leo ukimtaja mtu huyo pale hakuna anayeitikia.

Hufungua saa kumi na moja alfajiri mpaka kama saa nane mchana, Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya sala. M-Pesa wapokea, ila noti ya elfu moja asubuhi hawana chenji. Wataka samaki, fika kabla ya saa sita, na kama una haraka usikae benchi la karibu na redio, ubishi wa hapo hauishi.